Mrekio Hajajibu

Aikande,

Mwandiko huu usikushtue. Umezoea kunicheka kwamba naandika kama mwalimu anayesubiri mkaguzi, herufi zote zimesimama mstari. Leo zimelala kwa sababu viganja vyangu vina malengelenge na gumba la kulia limechubuka, hata kalamu naishika kwa shida. Sababu utaikuta humu, na huenda utakuwa umeshaiona kwa macho yako wakati unapanda kutoka barabarani.

Sasa ni saa nane mchana. Umekwenda Sanya Juu kumuaga shangazi yako, na mama yako anasema utarudi kabla giza halijaingia. Kwa hiyo nina saa nne. Nilikuwa na siku kumi nzima, nikazimaliza kwa kujifanya nasahihisha madaftari. Nitakupa barua hii ukishanawa miguu, kabla ya chakula. Usiisome mezani. Nenda nayo chumbani ufunge mlango, maana basi ni saa kumi na mbili asubuhi na kuna jambo nataka uwe umeliamua kabla ya hapo.

Mambo ya safari siyagusi. Kushika mkoba kifuani, kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, kupiga simu ukifika Korogwe, hayo mama yako ameshayasema mara tatu, na mara ya tatu ulimwitikia kwa sauti ambayo mimi zamani ningelambwa kofi. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu nyumba unayokwenda kufikia.

Wiki iliyopita tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori, ukasema, "Basi na mimi nakwenda kula chumvi ya Mrekio. Nikipata chumba tu nahama, hata kama kinavuja." Ulidhani utanichekesha. Mama yako aliniangalia akasubiri niseme kitu, na mimi nikachukua ndizi nyingine. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Nitaanza mbali, hata penye mambo unayoyajua. Nikiruka nitapata pa kujificha, na najijua.

Hadithi zangu za Maji ya Majivu zilianza kwa sababu ulikuwa hulali. Ulikuwa na miaka mitano, kichwa kigumu, na hicho ni cha mama yako, usinisingizie mimi. Nikakutungia mlima Irumba, na barafu juu yake, na nyoka aliyelala chini ya barafu, ambaye huamka siku mlinzi wa maji atakapodhulumu. Walinzi walikuwa ndugu wawili. Kisanja, mkubwa, mtu wa busara. Mrekio, mdogo, mtu wa utani. Kisanja nilimtunga kwa mfano wangu mwenyewe, na nilijipendelea. Mrekio nilimchukua mzima mzima kutoka kwa baba yako mdogo Elisaria: kile kicheko chake, namna anavyokunja suruali kabla ya kuvuka mfereji, ile tabia yake ya kula amesimama. Ulikuwa ukimwona baba yako mdogo anashuka na mabegi yake ya Krismasi unapiga kelele, "Mrekio amekuja!" na yeye anakunyanyua hadi kwenye mabega.

Kitabu cha kwanza na cha pili vilichapwa pale Majengo, vimebanwa kwa pini, jalada linaachia wino mikononi. Elisaria ndiye aliyebeba maboksi mawili kwenda nayo Dar es Salaam, akawa anawagawia watu kazini kwake na kuwaambia, "Huyu Mrekio ni mimi." Alikuwa anajivunia mpaka namwonea haya.

Kisha kikatoka cha tatu, na ndani yake Mrekio anahamisha mpaka wa maji wakati watu wako kwenye ibada, nyoka anaamka, vijiji vitatu vinazikwa kwa majivu. Wasomaji walisema nimewapiga chenga ya mwaka. Wewe ulikuwa na miaka kumi, ukakataa kula. "Mrekio hawezi," ulisema, ukarudia, ukarudia. Nilikueleza kwamba binadamu hubadilika.

Ulikuwa sahihi, mwanangu. Hakuweza. Niliyeweza ni mimi.

Babu yako aligawa kihamba hiki, shamba letu la ukoo, kama desturi inavyotaka. Mtoto wa mwisho wa kiume hurithi nyumba ya baba na eneo linaloizunguka, kwa hiyo sehemu ya juu ikawa ya Elisaria. Mimi mzaliwa wa kwanza nikapata sehemu ya chini, hapa tunapoishi. Katikati ulipandwa mstari wa masale, mimea yetu ya kuwekea mpaka, na mfongo, mfereji wa maji yetu, ukapita upande wa juu wa masale hayo, hatua tatu ndani ya eneo la mdogo wangu. Nilipotaka kumwagilia, nilivuka masale nikafungua maji. Hakuna aliyeninyima hata siku moja. Mwenyewe yuko mjini, angeninyima vipi?

Lakini kila nilipoinua mguu kuvuka yale masale, nilijiona kama mwombaji. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi nilimwogesha baba miaka miwili alipokuwa hajiwezi, nikamnyoa ndevu, nikamshika mkono akifa. Elisaria alikuja siku ya mazishi, akalia kuliko mimi. Mtu aliyebaki nyumbani ana hatari yake, Aika. Hujilimbikizia haki kidogo kidogo, na hakuna anayemwona.

Jumapili moja, ukiwa na miaka tisa, nilisema nina malaria. Mama yako alinifunika blanketi akakuchukua wewe na bibi mkaenda kanisani. Mlipopotea kwenye kona nikaamka, nikachukua jembe, nikang'oa masale yote ya baba na kuyapanda hatua nne juu zaidi. Sale halina ubishi, ukilichomeka popote linaota. Mfongo ukawa kwangu. Nilifanya kazi ile nikisikia kwaya inaimba kule chini, nami naifuatisha kwa mluzi. Mliporudi nilikuwa ndani ya blanketi, udongo umejaa kwenye kucha. Mama yako aliniwekea uji akaziangalia zile kucha, akatoka.

Kwenye vitabu vyangu nyoka huamka siku ile ile. Huku kwetu hakuna kilichoamka. Migomba ilistawi, ng'ombe akazaa, nikapandishwa daraja kazini. Ningeugua hata tumbo, labda ningeyarudisha.

Desemba Elisaria alipanda kuja nyumbani. Hakuwa amekaa hata nusu saa. Akanijia akicheka, akasema, "Kaka, masale yametembea?" Naomba uisikie sentensi hiyo kama ilivyosemwa. Alikuwa anacheka. Alinifungulia mlango mpana kabisa. Ningecheka na mimi, nikasema ni kweli yametembea, twende tukayarudishe, tungeyarudisha siku ile ile na ingebaki hadithi ya kuchekana kila Krismasi. Mimi nikamjibu, "Umekaa mjini mpaka umesahau kwenu."

Shauri likafika kwa wazee wa ukoo. Nilisimama kando ya kaburi la baba nikaapa kwamba mpaka haujasogea. Wazee waliniamini, kwa nini wasiniamini? Mwalimu, mzaliwa wa kwanza, niliyebaki. Ndipo Elisaria akasimama mbele ya wote akasema, "Kaka yangu ni mwizi, na anajua." Wazee wakasema habari ya ardhi imekwisha, sasa kuna habari nyingine: mdogo hamwiti mkubwa wake mwizi. Wakamwamuru alete jani la sale.

Unalijua hilo tangu utoto, ila nataka niliandike kwa mkono wangu. Hapa mlimani mtu aliyekukosea akija na jani la sale limefungwa fundo, unapokea. Amekuibia mke, amekuchomea nyumba, hata amekuulia mtu, unapokea. Hakuna mzee aliyewahi kusimulia kwamba mahali fulani jani lilikataliwa.

Elisaria alikuja asubuhi yake. Bibi yako alikuwa amekaa uani anachambua maharage. Mdogo wangu alilishika jani kwa mikono miwili, akainama mimi kaka yake nikiwa nimesimama kizingitini. "Kaka," alisema, "neno nililolisema mbele za watu, nisamehe." Angalia alivyosema. Hakusema ni uongo. Aliomba radhi kwa kulisema mbele za watu.

Nililiangalia lile jani. Lilikuwa changa, la kijani kile cha kung'aa, na nililijua. Alilichuma kwenye masale yangu ya hatua nne. Sijui kama alifanya kusudi. Nilijua tu kwamba nikilipokea, tutakunywa mbege kwenye kata moja, watu watapiga vigelegele, na mdogo wangu atakuwa amesamehewa kosa nililolifanya mimi. Nisingeweza kumwangalia akinywa. Mtu mwenye akili angekiri pale pale. Mimi nikasema, "Rudi nalo."

Alisimama kama hajasikia. "Kaka, hili halirudi."

"Kwangu linarudi."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Bibi yako aliacha maharage yake juani akaenda nyumbani kwake. Hakumwambia mtu yeyote alichokiona, mpaka anaingia kaburini. Ila tangu siku ile hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Mwalimu, kama wanavyoniita watu baki. "Mwalimu, niletee maji." "Mwalimu, kuni zimekwisha." Ninyi mlidhani ni heshima.

Mama yako amepita mlangoni sasa hivi. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia, "Kitabu." Ona, hata leo. Amesimama kidogo kisha akasema, "Basi usisahau kuandika ni hatua nne." Miaka kumi na mitatu, Aika. Alizihesabu siku ile ile aliyoona kucha zangu, na hajawahi kunitajia.

Wewe kitabu cha tano unakijua kuliko mimi, ndiwe uliyekipiga chapa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, kompyuta ile ambayo herufi ya K ilikuwa imeng'oka, unaibonyeza kwa ncha ya kalamu. Ulipofika sura ambayo Kisanja anapanda Irumba na jani mkononi, anampigia magoti mdogo wake kwa ajili ya amani, na Mrekio analirudisha jani na kufunga mlango, uliacha kuandika. Ulikuwa unalia. Ukaniuliza, "Baba, ndivyo ilivyokuwa na baba mdogo?"

Sikusema ndiyo. Nilichukua kikombe nikanywa chai. Ilikuwa imeshapoa, nikainywa yote, na nilipokitua kikombe wewe ulikuwa umeshapata jibu. Nimeandika vitabu vitano na hakuna uongo humo uliofanya kazi vizuri kuliko kile kikombe cha chai.

Ukaniuliza la pili. "Mbona Mrekio hajibu? Kitabu kizima watu wanamsema, yeye hajibu." Nikakwambia wabaya hawana maneno mengi. Ulikubali kwa sababu ulinipenda. Mwaka jana nilivikalia vile vitabu vitatu vya mwisho na kalamu nyekundu, nikatafuta Mrekio anasema nini. Hana mstari unaozidi upana wa kiganja chako. Nilimnyang'anya maji, nikamnyang'anya jina, na mdomo pia.

Kitabu kilipotoka alinipigia simu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Alisema, "Kaka, nimekisoma cha tano. Umeandika vizuri." Nilisikia mtu anaosha vyombo kule kwake, bomba linamwaga maji. Akakata.

Laiti angenitukana. Tangu simu ile sijaandika ukurasa wa kitabu cha sita unaofaa. Wanafunzi wa pale Rau wananizingira, "Mwalimu, cha sita lini?" Nawajibu kinaiva. Miaka saba kinaiva, ndizi gani hiyo? Kila nikianza, Kisanja akifungua mdomo namwona muongo, nafunga daftari.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonitia haya kuliko yote. Siku tuliyomzika bibi yako, Elisaria alilala nyumba ya wageni mjini, hakulala kwenye nyumba yake mwenyewe aliyorithishwa. Wewe ulikuwa unapita na sinia la vikombe. Akakwambia, "Aika, umekua." Wewe, mtoto uliyefundishwa shikamoo kabla hujafundishwa kutembea, ukaangalia vikombe ukapita. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona uso wake. Na nilifurahi. Nimejaribu kuliandika neno hilo kwa namna nyingine, sioni. Nilifurahi kwamba una upande, na upande ni wangu.

Mtu huyo ndiye aliyempigia mama yako simu mwezi uliopita, baada ya kusikia umepata kazi. Alisema, "Mtoto afikie kwangu, chumba kipo." Hakutaja masale, hakutaja vitabu, na mimi hakuniulizia. Kesho atakuja stendi kukupokea, atakubebea begi, na wewe utakuwa unamtazama Mrekio. Siwezi kukupeleka ule chumvi ya mtu huku ukimchukia kwa dhambi yangu.

Sina wosia mwingi wa kukupa, na aliyeapa uongo juu ya kaburi la baba yake akae mbali na mimbari. Nitakwambia nililojifunza kwa kuharibu. Mtu akikusimulia ugomvi wake, iwe rafiki, iwe bosi, iwe mume utakayemleta hapa siku moja, msikilize mpaka ujue yeye alikosea wapi. Ukifika mwisho hujaona alipokosea, kamuulize yule mwingine. Na wewe ukijikuta unasimulia ugomvi wako vizuri, kwa mpangilio, watu wanatikisa vichwa, nyamaza kwanza. Mimi kipaji changu nilikitumia hapo, na hakuna aliyenishinda.

La pili ni lile la kucheka. Siku mtu uliyemkosea akija anacheka, cheka naye haraka. Mlango ule haukai wazi muda mrefu.

Sasa malengelenge. Leo asubuhi ulipopotea kwenye kona, kona ile ile, nilichukua jembe. Masale yamekuwa vichaka, mizizi imeshikana, nimeyakata na kuyang'oa tangu saa mbili mpaka adhuhuri. Mama yako alitoka akanitazama, akaenda kuvaa mabuti, akaja akashika upande wa pili wa kamba ya kupimia. Tumeyarudisha hatua nne. Jirani akauliza tunafanya nini, nikamwambia kwa sauti, narudisha mpaka nilioiba. Akadhani natania, nikarudia mpaka akaacha kucheka. Wazee wa ukoo watatu waliobaki nitawaendea Jumapili, mbele ya kaburi lile lile.

Na nimekata tiketi mbili.

Kiti changu kiko pembeni ya chako. Kwenye ndoo nyuma ya mlango kuna jani la sale nimelifunga fundo, nimelichuma kwenye masale ya baba baada ya kuyarudisha. Nilifikiria kukupa wewe ulipeleke, nikaona nitakuwa nakutuma ukanibebee hata aibu yangu. Nitalibeba mwenyewe, na nitamnyooshea mdogo wangu kwa mikono hii yenye malengelenge.

Naogopa, Aika. Nimeogopa mchana kutwa. Ukisoma haya ukaona huwezi kukaa kando yangu saa kumi njiani, niambie leo, nitapanda basi linalofuata na sitakulaumu. Hilo ndilo nililotaka uamue. Usinisamehe kwa sababu ni baba yako na kesho unaondoka. Una muda, chukua wote.

Kuhusu Elisaria, desturi inasema hawezi kulikataa jani. Ila mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba linakatalika. Akilirudisha, usinitetee. Usimwambie kwamba baba amezeeka, wala kwamba amesafiri mbali. Mpe shikamoo yake ya miaka mitatu, kisha kaa chini umwache aongee mpaka achoke. Vitabu vitatu vizima hajapewa zamu.

Nasikia geti, na viatu vyako vimesimama. Umeyaona masale.

Mimi baba yako, niliyeyahamisha.